Tozo ya kaboni kwenye mafuta: piga hesabu ya ekari yako kabla hujapandishiwa bei

Dizeli ikipanda shilingi 67 kwa lita kwa sababu ya tozo ya kaboni, kulima ekari moja kwa trekta kunapaswa kupanda kwa shilingi 700 hivi. Mwenye trekta ataongeza 10,000. Kwenye pengo hilo ndipo mkulima wa Mbozi, Wanging'ombe au Kilolo anapoumia, kuliko kwenye kodi yenyewe. Hapa chini ni namna ya kupata hesabu yako mwenyewe, kwa lita na kwa gunia, ili ukikaa na mwenye trekta au mwenye Fuso uwe unajua unachozungumza.

Kodi ya kaboni hutozwa kwa uzito wa hewa ukaa inayotoka mafuta yanapoungua. Finland ilianza mwaka 1990, Sweden 1991, Afrika Kusini tarehe 1 Juni 2019. Zambia nayo ina yake, na madereva wanaovuka Tunduma kuingia Nakonde wanaijua: gari la kigeni hulipa kufuatana na ukubwa wa injini, liwe limejaa au liko tupu. Kwetu Tanzania, ndani ya bei ya lita ya dizeli tayari kuna ushuru wa bidhaa, tozo ya barabara na ada ya mafuta, vyote vinakatwa kwa lita. Tozo ya kaboni ikija itapita mlango huohuo. Kwa hiyo hesabu hii inafaa kwa nyongeza yoyote ya mafuta, iitwe kaboni au iitwe jina lingine.

Kutoka tani hadi lita

Serikali zikitangaza kodi hii hutaja bei kwa tani. Mkulima hanunui tani ya hewa ukaa, ananunua lita. Shika namba hizi nne:

- lita 1 ya dizeli hutoa kilo 2.68 za hewa ukaa
- lita 1 ya petroli, kilo 2.31
- lita 1 ya mafuta ya taa, kilo 2.5
- kilo 1 ya gesi ya kupikia, kilo 3

Wengi hugoma hapo kwanza: lita ya dizeli haifiki hata kilo moja kwenye mizani, kilo 2.68 zinatoka wapi? Zinatoka hewani. Dizeli inapoungua, kila kilo ya kaboni iliyomo hukamata oksijeni ya hewani na kuwa kilo 3.67 za hewa ukaa.

Hesabu yenyewe ni bei ya tani, gawa kwa 1,000, zidisha kwa namba ya mafuta yako. Tuseme tozo ni shilingi 25,000 kwa tani. Gawa kwa 1,000 unapata shilingi 25 kwa kilo. Dizeli: 25 mara 2.68 ni shilingi 67 kwa lita. Petroli ni 58. Mafuta ya taa 63. Gesi ni 75 kwa kilo, yaani mtungi wa kilo 15 unaongezeka 1,125. Tozo ikiwa 50,000, zidisha kila kitu kwa mbili. Ikifika kiwango cha Sweden, ambako wanatoza zaidi ya dola 100 kwa tani, zidisha kwa kumi au zaidi.

Hesabu inaweza pia kwenda kinyumenyume, na inafungua macho. Julai 2023 tozo ya barabara hapa nchini iliongezwa shilingi 100 kwa lita ya petroli na dizeli. Gawa 100 kwa 2.68, zidisha kwa 1,000: ni sawa na kodi ya kaboni ya shilingi 37,000 hivi kwa tani ya hewa ukaa ya dizeli. Jina halikuwa kaboni, ila kwa pampu, trekta na Fuso kazi yake ni ileile. Kwa hiyo mtu anayetaka kujua kodi ya kaboni itafanya nini kijijini ana mfano wa karibu: akumbuke nauli na bei ya kulima zilivyokwenda baada ya Julai ile.

Makosa mawili huharibu hesabu hapa. La kwanza ni kuchanganya tani ya kaboni na tani ya hewa ukaa. Tani 1 ya kaboni ni tani 3.67 za hewa ukaa, hivyo ukikosea hapo umekosea karibu mara nne. Soma tangazo limesema tani ya nini. La pili ni kuchukua bei iliyotangazwa bila kuuliza unafuu. Afrika Kusini walianza na randi 120 kwa tani. Ukipiga hesabu moja kwa moja utapata senti 32 kwa lita ya dizeli, lakini kilichoongezwa pale pampuni mwaka 2019 kilikuwa senti 10, kwa sababu sheria ilikuwa na misamaha, na ule wa msingi peke yake ulikuwa asilimia 60. Mtu anayekutisha kwa namba ya gazetini huenda hajasoma ukurasa wa pili.

Pima lita za ekari yako

Usikubali makadirio ya dereva. Pima kwa njia ya tangi hadi tangi. Trekta lisimame sehemu tambarare, lijazwe dizeli hadi mdomoni, lilime ekari zako, lirudi palepale, lijazwe tena kwa dumu lenye alama za lita. Kilichoingia mara ya pili ndicho kilichotumika. Gawa kwa ekari. Trekta likisimama kwenye mteremko tangi hudanganya lita kadhaa, na ndilo kosa la kawaida. Dumu la lita 20 nalo mara nyingi hubeba zaidi ya 20 likijazwa hadi shingoni, kwa hiyo tumia alama, usitumie mdomo wa dumu.

Chukua ekari moja ya mahindi, kijiji kiko kilomita 40 kutoka Makambako, mavuno ni magunia 20 ya kilo 100. Namba hizi ni za kuanzia tu. Zako zikitofautiana, zako ndizo sahihi.

Kulima kwa jembe la sahani, lita 10. Kupiga haro, lita 5. Kutoa mahindi shambani kwa tela hadi nyumbani, lita 3. Kupukuchua magunia 20 kwa mashine ya dizeli, lita 2. Hizo ni lita 20 ambazo unaziona kwa macho yako.

Sasa zile usizoziona. Fuso ya tani 7 inabeba magunia 70. Kwenda Makambako na kurudi ni kilomita 80. Kwa barabara ya vumbi ikitumia lita 28 kwa kilomita 100, safari inakula lita 22.4, yaani lita 0.32 kwa gunia. Magunia yako 20 ni lita 6.4. Kutoka Makambako hadi Dar es Salaam ni kilomita 650 hivi. Semi yenye tani 30 ikitumia lita 45 kwa kilomita 100 itachoma lita 292 kwa magunia 300, karibu lita moja kwa gunia. Magunia yako 20 ni lita 19.5. Mbolea ndiyo inayopanda mlima kutoka Dar es Salaam: lori limejaa na mlima Kitonga uko mbele yake, weka lita 50 kwa kilomita 100, mifuko 600 ya kilo 50. Ni lita 0.54 kwa mfuko, na mifuko yako mitatu ni lita 1.6.

Jumla ni lita 47.5. Zidisha kwa 67: shilingi 3,200 kwa ekari. Kwa gunia ni 160. Kwa kilo ya mahindi ni shilingi 1 na senti 60.

Rudia kuitazama namba hiyo. Tozo ya shilingi 25,000 kwa tani, ikihesabiwa lita kwa lita kuanzia trekta la kwanza hadi gunia linaposhushwa soko la Tandale, Dar es Salaam, haifiki bei ya soda kadhaa kwa ekari. Na zaidi ya nusu ya lita hizo, 27.5 kati ya 47.5, zimechomwa barabarani, nyingi na watu ambao hutakutana nao.

Barabara unailipa mara mbili

Bei ya mahindi ya kijijini haianzii kijijini. Mnunuzi anaanza na bei atakayouzia Dar es Salaam au Tunduma, anatoa nauli, anatoa ushuru, anatoa faida yake, kinachobaki ndicho anakutajia. Nauli ikipanda haongezi bei kule mwisho, kwa sababu Dar es Salaam kuna mahindi ya Dodoma na Manyara pia. Anapunguza kwako. Mbolea nayo ni vilevile ila kwa upande wa pili: bei inaanzia bandarini na nauli inaongezwa juu yake. Ndiyo maana kadiri unavyokuwa mbali na bandari, ndivyo kodi ya mafuta inavyokubana kwenye kununua na kwenye kuuza. Mbeya mjini iko kilomita 830 hivi kutoka Dar es Salaam. Kyela iko mbele zaidi.

Kipimo kizuri cha umbali huo ni taarifa ya bei kikomo za mafuta ambayo EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, huitoa kila mwezi, zikianza kutumika Jumatano ya kwanza. Tafuta bei ya dizeli ya Dar es Salaam na ya mji wako, toa moja kwa nyingine. Tofauti hiyo kwa sehemu kubwa ni usafiri wa mafuta yenyewe. Iandike kila mwezi kwenye daftari. Bei ikipanda Dar es Salaam na kwako kwa kiasi kilekile, sababu ni soko la dunia, shilingi kushuka dhidi ya dola, au kodi. Ikipanda kwako peke yako, sababu iko njiani.

Ukiuza kwa NFRA, wakala wa taifa wa hifadhi ya chakula, bei ya kituo inajulikana mapema, lakini nauli ya kufika kituoni ni yako. Hapo kilomita 40 za vumbi ndizo za kupigania.

Mbolea: hapa ndipo kaboni ilipo kweli

Urea hutengenezwa kwa gesi asilia, na kwenye baadhi ya viwanda vya China kwa makaa ya mawe. Ukijumlisha kinachotoka kiwandani na kinachotoka shambani urea inapoyeyuka (hapo peke yake kilo 1 ya urea huachia kilo 0.73 za hewa ukaa), urea ya gesi hufika kati ya kilo 1 na 2 za hewa ukaa kwa kila kilo ya mbolea. Ya makaa ya mawe huzidi. Mifuko miwili ya kukuzia, kilo 100, ni kilo 100 hadi 200. Lita 47.5 za dizeli kwa njia nzima zilikuwa kilo 127. Yaani mifuko miwili ya urea inakaribia dizeli yote ya ekari, au inaizidi.

Je, utailipia? Kwenye pampu, hapana. Utailipia tu pale nchi yenye kiwanda itakapokitoza kiwanda, nacho kikaweka kwenye bei. Kuna wanaosema mbolea imepanda kwa sababu ya kodi ya mpakani ya Umoja wa Ulaya. Kodi hiyo ipo kweli: kipindi cha mpito kilianza Oktoba 2023, malipo yameanza kuhusika kwa bidhaa zinazoingia kuanzia Januari 2026, na mbolea imo pamoja na saruji, chuma, alumini, umeme na haidrojeni. Lakini inatozwa kwenye mlango wa Ulaya, kwa bidhaa zinazoingia Ulaya. Mfuko unaoshuka bandari ya Dar es Salaam haupiti mlango huo. Duka likikupa sababu hiyo, omba kuona bei elekezi ya TFRA, mamlaka ya kudhibiti mbolea.

Vilevile habari za Denmark kutoza mifugo zisikunyime usingizi. Walikubaliana mwaka 2024, makato yanaanza 2030 kwa kroni 300 kwa tani, na yanawahusu wafugaji wa Denmark. Ng'ombe wa maziwa wa Rungwe hayumo.

Ni nani anaumia zaidi

Sio mkulima wa mahindi ya mvua. Ni anayemwagilia kwa pampu ya petroli: nyanya za Ilula, vitunguu vya Ruaha Mbuyuni, mboga za kiangazi mabondeni. Pampu ndogo ikila lita 1.2 kwa saa, ukimwagilia ekari saa 6 kila baada ya siku tano, kwa siku 100 ni mara 20. Lita 144 za petroli. Zidisha kwa 58: shilingi 8,350, zaidi ya mara mbili na nusu ya ekari ya mahindi, na hujapakia hata tenga moja.

Anafuata mwenye zao zito la bei ndogo. Gunia la kilo 100 la viazi mviringo kutoka Njombe linakunywa dizeli sawasawa na kilo 100 za kahawa ya Mbozi, ila kahawa inaweza kubeba nauli mara nyingi na viazi haviwezi. Ekari ya viazi yenye magunia 60 inachoma lita 60 hivi za barabara kuu, shilingi 4,000 za tozo. Na kama ni lumbesa, gunia lililojazwa kupita kipimo, unabeba kilo za ziada bila malipo huku nauli yako ikihesabiwa kwa gunia. Lumbesa imekatazwa, Wakala wa Vipimo husema hivyo kila msimu, na bado inashonwa. Uza kwa kilo. Hakuna tozo ya kaboni itakayokufilisi haraka kama lumbesa.

Kibarua asiye na shamba naye yumo. Ananunua unga, hauzi mahindi, na bodaboda ya kwenda shambani anailipa mwenyewe. Hana gunia la kulipizia.

Kukaa na mwenye Fuso

Njoo na namba moja tu. Mazungumzo yaende hivi:

"Kaka, dizeli imepanda 67. Fuso yako kwenda Makambako na kurudi inakunywa lita 22. Hiyo ni 1,500 kwa safari nzima. Tuko na magunia 70."

Elfu moja na mia tano kwa magunia 70 ni shilingi 21 kwa gunia. Akiongeza 500 kwa gunia, amekusanya 35,000 kufidia 1,500. Bodaboda vilevile: kilomita 16 kwenda na kurudi ni lita 0.4, tozo ni shilingi 23, nauli inapanda 500. Si kwamba watu hawa ni wabaya. Nauli zetu hupandishwa kwa mia tano mia tano na kulima hupandishwa kwa elfu kumi, na hakuna anayerudisha chenji ya shilingi 21. Kwa hiyo usidai shilingi 21, hutaipata. Dai kwamba bei ibaki ilipo hadi dizeli ipande kiasi cha kufikisha ile 500, na mkubaliane ni kiasi gani. Kwa Fuso hii: magunia 70 mara 500 ni 35,000, gawa kwa lita 22 ni shilingi 1,590 kwa lita. Ukimwonyesha namba hiyo, 500 inageuka 100 au 200 kwa urahisi.

Atakujibu: "Na tairi je? Na spea?" Ana haki. Tairi na vipuri vinapanda kwa dola, si kwa kaboni, na Fuso inayolala matopeni siku mbili inamla kuliko tozo. Muulize hayo kwa namba zake, usiyachanganye na mafuta. Ukitumia hesabu hii kumnyima nyongeza ya haki, msimu ujao gari lake litapita kijijini kwako bila kusimama.

Kupunguza lita

Kwenye trekta, lita nyingi hupotea njiani na kwenye kugeuza. Trekta likitoka kilomita 15 kuja kulima ekari moja linachoma dizeli barabarani ambayo wewe ndiye unailipa. Unganeni majirani wa mashamba yanayopakana, ekari 10 kwa siku moja, na mlime kwa urefu wa shamba badala ya upana. Kina cha sentimita 20 kinatosha mahindi. Dereva anayezamisha sahani zaidi anachoma dizeli kuinua udongo ambao mizizi haikuhitaji uinuliwe. Tazama tairi za nyuma: zikiteleza na kuacha alama za kuburuta, udongo una maji mno au trekta ni jepesi. Subiri siku mbili, au aweke uzito. Kulima matopeni kunakula mafuta na kunagandisha udongo chini, hasara mbili kwa siku moja.

Kwenye pampu, lita hupotea kwenye mpira wa kunyonya. Weka pampu karibu na maji iwezekanavyo, kwani pampu husukuma vizuri kuliko inavyonyonya. Kiwango cha juu cha kunyonya ni kama mita 7 kwa sehemu za chini kama Ruaha Mbuyuni. Kwenye miinuko ya Mufindi hewa ni nyepesi na kikomo hushuka hadi mita 5 hivi, ndiyo maana pampu iliyofanya kazi bondeni hugoma juu na fundi analaumiwa bure. Maji yakitoka kwa kukatakata au na mapovu, mpira unavuta hewa: kaza klampu, badilisha raba ya maungio, toa majani kwenye vali ya chini. Jaribio rahisi: jaza mpira maji, zima, ngoja dakika tano. Maji yakishuka, vali haishiki. Mwingine hununua pampu ya inchi 3 akaifungia mpira wa inchi 1 na nusu ili kuokoa hela ya mpira. Injini inanguruma, maji hayaongezeki, petroli inaisha. Bomba kuu liwe inchi ya pampu, upunguze mwishoni.

Pampu ya sola inaondoa petroli yote, ila bei yake ya mwanzo ni ya kuchangiana watu watatu wanne wenye zamu.

Kwenye mbolea, usipunguze mifuko kwa kuogopa bei, punguza inayopotea. Nafasi ya sentimita 75 kwa 60, miche miwili kwa shimo, ekari ina mashimo 9,000 hivi. Kifuniko kimoja cha soda cha DAP, mbolea ya kupandia, ni kama gramu 5, mashimo yote ni kilo 45, na mfuko mmoja unatosha. Urea kilo 100 ni gramu 11 kwa shimo. Igawe mara mbili, mahindi yakifika magotini na tena kabla ya kutoa mbelewele, kwenye udongo wenye unyevu, na ufukie. Urea iliyoachwa juu ya udongo bila kufukiwa huruka kama harufu ya amonia, na harufu hiyo ndiyo hela yako. Pima udongo kwenye kituo cha utafiti wa kilimo cha TARI Uyole kabla ya kuongeza mfuko wa tatu wa urea. Sehemu nyingi za Mbozi, Rungwe na Njombe udongo una tindikali, na pasipo chokaa mahindi hayafaidi mbolea unayoweka. Fosfeti ya Minjingu hufanya kazi vizuri kwenye udongo wa namna hiyo.

Kwenye barabara, pakia gari lijae. Semi yenye magunia 200 inachoma karibu sawa na yenye 300. Tafuta malori yanayorudi Dar es Salaam kutoka Zambia na Kongo yakiwa na nafasi: dereva anayerudi tupu hutoa nauli nafuu kuliko gari ulilokodi lije kukuchukua, kwani la kukodi unalilipia pia safari ya kuja. Ushirika wenye mzigo mkubwa uulize TAZARA, reli ya Tanzania na Zambia, stesheni za Mbeya na Makambako zipo, na treni hutumia dizeli kidogo kwa tani kuliko lori. Na hamisha mahindi kutoka kijijini kabla barabara haijaharibika. Fuso kwenye tope la Machi inaweza kuchoma mara mbili ya lita za Agosti.

Jikoni pasisahauliwe. Tozo ikiwekwa kwenye gesi, mkaa haupiti kwenye pampu wala kwenye forodha, kwa hiyo hauguswi, na nyumba iliyokuwa imehamia mtungi inarudi kwenye gunia la mkaa. Ni kinyume kabisa na mkakati wa nishati safi ya kupikia unaolenga asilimia 80 ya Watanzania ifikapo 2034. Ni jambo la kulisema mapema, maana msamaha wa gesi ni rahisi kuuandika kwenye sheria kuliko kuurudisha baadaye.

Tozo ikiletwa kwa majadiliano

Mambo matatu ya kuuliza, kwenye mkutano wa kijiji au wa AMCOS (chama cha ushirika cha mazao), na kwa mbunge wenu.

Je, dizeli ya shamba itasamehewa? Kanada walisamehe petroli na dizeli ya mashine za shamba, lakini gesi ya kukaushia nafaka ikabaki inatozwa, na wakulima wakalalamika hadi tozo ya walaji ilipoondolewa Aprili 2025. Afrika Kusini hawakutoza hewa inayotoka mashambani, ila dizeli ilipanda kwa kila mtu. Msamaha usiotaja pampu ya umwagiliaji, mashine ya kupukuchua na gari la mazao ni nusu msamaha.

Je, hela inarudi, na kwa nani? Kanada walirudishia kaya, na wa vijijini wakapewa nyongeza ya asilimia 10, ikapandishwa hadi 20 mwaka 2024, kwa sababu hawana daladala ya kuhamia. Kibarua na mnunuzi wa unga lazima watajwe kwa majina yao. Marejesho yanayopimwa kwa ekari yatawaruka.

Na itapitia daftari gani? Kwa wakulima, lililopo ni la ruzuku ya mbolea lililoanza 2022. Nenda kwa mtendaji wa kijiji uone namba yako imeandikwa ekari ngapi. Wengi waliandika ekari 2 wakati wanalima 5, wengine shamba liko kwa jina la marehemu baba. Irekebishe kabla ya Septemba, foleni ya mbolea haijaanza.